Linux Mpya, Ramani ya Zamani: Kompyuta Inapokataa Kuwaka Baada ya Kusakinisha Upya



Kurasa hizi kwa kawaida huwa za ngeli, fasihi simulizi na habari za mitaala. Safari hii tumeomba nafasi tuandike juu ya kompyuta, kwa sababu kompyuta moja ya idara ilitaka kutupotezea fasihi simulizi yenyewe. Mashine hiyo hutumia Linux, kama zilivyo nyingi za ofisi yetu, kwa kuwa haidai ada ya leseni na huenda vizuri hata kwenye mashine kuukuu. Tuliyojifunza yanaweza kumfaa mwalimu au mwanafunzi yeyote aliyesakinisha Linux upya, akawasha, kisha akakutana na maandishi meupe juu ya kiwambo cheusi.

Tutatumia majina ya amri na ujumbe wa kompyuta kama yanavyoonekana, kwa kuwa ndivyo mtu atakavyoyaona mbele yake. Mengine yote tutayaeleza kwa Kiswahili.

YALIYOTUPATA

Kompyuta yenyewe ilikuwa na Debian 10, toleo lililotoka mwaka 2019. Muda wake mrefu wa kupewa masahihisho ya usalama ulikoma mwezi Juni 2024, kwa hiyo mwezi wa Agosti tuliamua kuweka Debian 12 mahali pake. Diski ilikuwa na patisheni nne. Patisheni ni sehemu ya diski iliyokatwa ikawekewa mipaka, kama nyumba moja inavyogawanywa vyumba: unaweza kukipaka rangi chumba kimoja bila kugusa vingine. Ya kwanza, iitwayo sda1, ilikuwa ndogo, yapata megabaiti 250, nayo ilibeba folda ya /boot peke yake. Ya pili, sda2, ilikuwa ya swopu, yaani nafasi ya kusaidia kumbukumbu ya kompyuta inapojaa. Ya tatu, sda3, ilikuwa na mfumo wenyewe. Ya nne, sda4, ilikuwa /home, ndiyo kazi za watu.

Na kazi zenyewe ni hizi: rekodi za masimulizi ambazo wanafunzi wetu walizikusanya kwa wazee wanaozungumza Kiswahili kule Arua na kwa jamaa wa Kinubi huko Bombo. Nakala ya akiba ilikuwepo kwenye diski ya nje, lakini ilikuwa ya mwaka mmoja nyuma. Rekodi za likizo ndefu ya mwisho zilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya sda4. Ni aibu kuandika hivyo katika jarida la idara, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mmoja wa wazee waliorekodiwa katika likizo hiyo alikuwa ameshafariki.

Tulisakinisha kwa uangalifu, au tulidhani hivyo. Tuliiambia programu ya kusakinisha ifomati sda3 na kuweka mfumo mpya humo. Tuliiambia itumie sda4 kama /home bila kuifomati. Ile sda1 hatukuigusa wala hatukuipa kazi yoyote. Tuliona ni ndogo mno kwa mambo ya leo. Mwishoni programu ilitaka kuweka GRUB kwenye diski, yaani ile programu inayoleta menyu wakati wa kuwasha. Tukaruka hatua hiyo. Tulijiambia: diski ina GRUB tayari, nayo imetuhudumia miaka mitano, ya nini kuweka nyingine?

Tulipowasha tena, menyu ilikuja vizuri. Ila ilikuwa imeandikwa jina la Debian 10, mfumo ambao tulikuwa tumeufuta muda mfupi kabla! Tukaichagua hivyo hivyo. Mistari ikapita, kompyuta ikasimama kama nusu dakika, kisha ikaandika kwamba "ALERT! UUID=..." na tarakimu nyingi, "does not exist. Dropping to a shell!" Chini yake kukabaki neno moja: (initramfs).

Fundi tuliyempigia simu alituambia tufute diski nzima, tuanze moja. Flashi ya kusakinishia ilikuwa bado imechomekwa, na mmoja wetu alikuwa ameshaifikia ile hatua ya kuchagua "diski yote". Kilichotuzuia si ujuzi. Ilikuwa saa saba, tukaenda kula kwanza.

MACHINE ILIVYO NA MILANGO MINGI

Kwa Kiswahili tunasema kuwasha kompyuta, kama tunavyowasha taa. Neno ni zuri lakini linatudanganya kidogo, kwani taa huwaka kwa tendo moja. Kompyuta huwaka kwa kupokezana kijiti. Wanaokimbia ni watano, na kila mmoja anajua jambo moja tu: ampelekee nani.

Wa kwanza ni programu iliyomo katika ubao mama. Katika mashine za zamani huitwa BIOS, na katika mpya huitwa UEFI. Mashine yetu ni ya BIOS, basi tuanzie hapo. BIOS husoma kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512. Kati ya hizo, baiti 446 tu ndizo za maelekezo ya kuwashia. Nyingine 64 ni orodha ya patisheni, na mbili za mwisho ni alama. Katika baiti 446 huwezi kuandika menyu. Ni kama barua ya mlangoni isemayo, "zunguka nyuma."

Huko nyuma, katika nafasi iliyoachwa kabla ya patisheni ya kwanza, kuna sehemu ya pili ya GRUB. Hii nayo imeandikiwa, siku ile GRUB iliposakinishwa, kwamba folda yake iko katika patisheni fulani. Inaifungua, inasoma faili liitwalo grub.cfg, na hapo ndipo menyu inapotokea. Ukichagua, GRUB hupakia mafaili mawili kutoka /boot: kiini cha Linux, ambacho jina lake huanza na vmlinuz, na mfumo mdogo wa muda ambao jina lake huanza na initrd. Mkimbiaji wa nne ni kiini hicho pamoja na mfumo wake wa muda. Kazi yao ni kutafuta patisheni yenye mfumo kamili na kuufungua. Wa tano ni mfumo kamili wenyewe, ambao husoma faili la /etc/fstab ili kujua ni patisheni zipi nyingine za kuunganisha na wapi.

Sasa, wanatambuaje patisheni? Si kwa majina kama sda3, kwa sababu majina hayo hubadilika: ukichomeka flashi, kilichokuwa sda kinaweza kuwa sdb. Wanatumia namba ya utambulisho, UUID, yenye herufi na tarakimu 32 na vistari vinne kati yake. Namba hii ni ya mfumo wa mafaili uliomo ndani ya patisheni. Kwa hiyo kila unapofomati, namba ya zamani hufa na mpya huzaliwa, hata kama mipaka ya patisheni haikusogea hata kidogo. Ni kama nyumba iliyobomolewa ikajengwa nyingine juu ya kiwanja kilekile, ikapewa hati mpya. Anayekuja na hati ya zamani hataiona.

Ukilijua hilo, tatizo letu linasomeka lenyewe. Kipande cha kwanza cha diski hakikuguswa, kwa hiyo GRUB ya zamani iliendelea kuwaka. Folda yake ilikuwa ndani ya sda1, ambayo nayo hatukuigusa. Humo mlikuwa na grub.cfg ya zamani, kiini cha zamani, na mfumo wa muda wa zamani. Menyu ikaonyesha Debian 10 kwa sababu kwa upande wake Debian 10 ilikuwa bado ipo. Kiini kikapakiwa, kikaambiwa kitafute patisheni yenye UUID fulani, kikaitafuta, kikasubiri, kikakata tamaa. UUID hiyo ilikuwa imekufa tulipofomati sda3. Hakuna kilichoharibika. Kila mkimbiaji alifanya kazi yake kwa uaminifu, ila kwa ramani ya zamani.

Na Debian 12? Ilikuwa imekaa salama ndani ya sda3, na kiini chake kikiwa katika folda ya /boot iliyomo humohumo. Tulikuwa na /boot mbili katika diski moja: moja ni patisheni, nyingine ni folda ya kawaida. Hili ndilo jambo tunalotaka msomaji aondoke nalo. Baada ya kusakinisha upya, swali la kwanza liwe ni /boot ipi inayosomwa, na nani anayeisoma.

KWA NINI /BOOT IWE PEKE YAKE?

Desturi hii ina umri. BIOS za miaka ya 1990 hazikuweza kusoma zaidi ya kama gigabaiti 8 za mwanzo wa diski, na nyingine hata hazikufika hapo. Diski zilipokuwa kubwa, kiini kikawekwa kwenye patisheni ndogo mwanzoni, mahali ambapo BIOS ingeweza kukifikia. Kikwazo hicho kimekwisha zamani. Leo /boot hutengwa kwa sababu nyingine, hasa pale diski inapofungwa kwa nywila: kwa kawaida huachwa sehemu isiyofungwa ambayo GRUB inaweza kuisoma kabla mtu hajaandika nywila yake. Kama diski yako haijafungwa na patisheni zake ni za kawaida, huna haja ya /boot ya peke yake. Sisi hatukuwa na haja nayo. Tuliirithi tu kutoka kwa yule aliyesakinisha mwanzo.

KIWAMBO KINASEMA NINI

Tabia yetu wengi ni kupiga picha kiwambo, kuituma kwa mtu, na kungoja jibu. Lakini neno la mwisho kiwamboni hukuonyesha kijiti kilidondoka mikononi mwa nani.

Ukiona kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, bila menyu wala neno la GRUB, basi kijiti hakikutoka kwa mkimbiaji wa kwanza. Ama diski haionekani kabisa, ama mpangilio wa BIOS unaanzia kwingine, ama hakuna GRUB katika diski hiyo. Kabla ya yote, chomoa flashi zote na uangalie waya wa diski. Tusidharau waya.

Ukiona "grub rescue>", sehemu ya pili ya GRUB imewaka lakini imekosa folda yake. Hivi ndivyo ingekuwa kwetu kama tungeifuta ile sda1 tukidhani haina kazi. Ujumbe ungekuwa "no such partition". Hapo amri ni chache sana, lakini moja ni ya thamani. Andika ls, na utapewa orodha kama (hd0,msdos1), (hd0,msdos3) na kadhalika. GRUB huhesabu diski kuanzia sifuri na patisheni kuanzia moja, jambo ambalo lisitushangaze sisi tunaoianza siku saa kumi na mbili. Kagua moja baada ya nyingine kwa ls (hd0,msdos1)/ mpaka uone folda ya grub. Kama iko katika patisheni ya /boot iliyotengwa, njia yake ni fupi:

set prefix=(hd0,msdos1)/grub
insmod normal
normal

Kama /boot ni folda tu ndani ya mfumo, basi njia ni ndefu kidogo: (hd0,msdos3)/boot/grub. Tofauti hii ndogo imewakosesha wengi usingizi. Patisheni ya /boot ikitazamwa kwa ndani haina folda iitwayo boot, kama ambavyo mtu aliye chumbani haoni bango la chumba hicho ukutani mwake. Bango liko nje, juu ya mlango. Tena kumbuka kwamba amri hizi zinakuwashia mara hii moja tu. Ukizima bila kutengeneza GRUB yenyewe, kesho utarudi palepale.

Ukiona "grub>" bila neno rescue, GRUB iko kamili lakini haikupata grub.cfg. Ukiona (initramfs), GRUB imemaliza kazi yake. Ni kiini ambacho hakikupata patisheni ya mfumo. Andika blkid hapo hapo, nayo itakuonyesha UUID zilizopo. Linganisha na ile iliyolalamikiwa. Ikiwa patisheni zote zinaonekana ila kwa namba tofauti, shukuru: tatizo ni ramani. Ikiwa diski haimo kabisa katika orodha, tatizo ni kubwa zaidi, na sasa ndipo mtu anapoweza kuanza kushuku diski yenyewe.

Hatimaye kuna ile ya mfumo kuwaka karibu wote, kusubiri dakika moja na nusu, kisha kukuambia uko katika "emergency mode". Hiyo ni fstab. Kuna mstari unaotaja patisheni isiyokuwepo. Wanaoipata zaidi ni wale walionakili fstab yao ya zamani na kuirudisha katika mfumo mpya kwa kuona uvivu wa kuandika tena. Sisi tulikuwa tumeiweka tayari kwenye flashi.

KABLA YA KUTENGENEZA

Okoa kwanza, tengeneza baadaye. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux inayoendeshwa bila kusakinishwa. Fungua dirisha la amri, ingia kama mkuu wa mfumo kwa sudo -i, kisha andika:

lsblk -f

Hii ndiyo amri tunayoipenda kuliko zote katika shughuli hii. Huonyesha kila diski, kila patisheni, aina ya mfumo wake wa mafaili, na UUID yake. Hapo ndipo tulipoiona sda4 ikiwa na UUID yake ya zamani, maana yake haikufomatiwa. Kwa kweli mmoja wetu alikaa chini.

Unganisha patisheni ya kazi kwa kusoma tu, ili hata ukikosea usiandike juu yake:

mount -o ro /dev/sda4 /mnt

Nakili kilicho muhimu kwenda diski ya nje. Kwetu ilichukua mchana wote, na umeme ulikatika mara moja katikati, tukaanza upya. Baada ya kunakili tulifungua rekodi chache na kuzisikiliza, si kuangalia majina tu. Ukishamaliza, ondoa kwa umount /mnt. Sasa unaweza kukosea bila hofu kubwa.

KUTENGENEZA

Tiba ni kuufanya mfumo mpya uandike GRUB yake wenyewe, pamoja na ramani mpya. Kwa kuwa mfumo huo hauwaki, tunauingia kupitia mlango wa nyuma, kwa amri ya chroot. Kwanza unganisha patisheni ya mfumo:

mount /dev/sda3 /mnt

Kama mfumo mpya unatumia /boot ya peke yake, iunganishe nayo sasa hivi: mount /dev/sda1 /mnt/boot. Ukisahau mstari huu, GRUB itaandikwa katika folda isiyo yake na utakuwa umezalisha /boot mbili kwa mkono wako. Kama huna uhakika, soma /mnt/etc/fstab: ikiwa na mstari wa /boot, basi inatumia, ikiwa haina, haitumii. Yetu haikuwa nao. Halafu:

mount --rbind /dev /mnt/dev
mount --rbind /proc /mnt/proc
mount --rbind /sys /mnt/sys
chroot /mnt
grub-install /dev/sda
update-grub

Angalia kwamba grub-install hupewa diski nzima, sda, si patisheni kama sda3. Na hakikisha hiyo sda ndiyo diski yako na si flashi. Lsblk itakuambia kwa ukubwa wake. Amri ya update-grub itaorodhesha viini ilivyovipata, na hapo uone namba za kiini cha mfumo mpya. Ikiwa grub-install haijulikani, maana yake kifurushi chake hakikusakinishwa. Ukiwa na intaneti, apt install grub-pc hukileta kwa mashine za BIOS. Simu iliyounganishwa kwa waya wa USB yatosha kwa kazi hiyo. Mifumo ya ukoo wa Fedora ina majina tofauti kidogo, kama grub2-mkconfig, na hiyo inataka maelekezo yake yenyewe.

Asiyependa amri hizi zote, flashi ya kusakinishia Debian ina sehemu ya uokozi katika menyu yake ya mwanzo, ambayo huuliza patisheni ya mfumo ni ipi kisha hujitolea kuweka GRUB upya. Tuliijua baadaye.

MASHINE ZA UEFI

Katika mashine mpya zaidi hakuna habari ya baiti 446. UEFI husoma patisheni maalumu yenye mfumo wa FAT32, ambayo Linux huiunganisha katika /boot/efi. Humo kila mfumo una folda yake. UUID ya patisheni hii ni fupi, tarakimu nane tu na kistari kimoja katikati, kwa hiyo huitambua mara moja katika lsblk -f. Jambo la kutisha ni hili: kama kompyuta ina Windows pia, programu ya kuwashia Windows imo humo humo. Anayeifomati patisheni hii ili "kusafisha" ameizima Windows pamoja na Linux. Wakati wa kusakinisha iunganishe, usiifomati.

Katika folda ya Debian au Ubuntu ndani ya patisheni hiyo kuna grub.cfg nyingine, fupi sana, ambayo kazi yake ni kutaja UUID ya mahali ilipo grub.cfg kubwa. Mfumo ukifomatiwa na faili hili likabaki na namba ya zamani, utaishia kwenye "grub>". Tiba ni ileile ya chroot, ila unaongeza mount ya patisheni ya EFI katika /mnt/boot/efi kabla ya kuingia. Na flashi yako nayo lazima iwe imewashwa kwa njia ya UEFI. Ikiwa folda ya /sys/firmware/efi haipo, umewasha kwa njia ya zamani. Zima, ingia katika menyu ya kuchagua kifaa, uchague ile yenye neno UEFI mbele ya jina la flashi.

JAMBO LINALOJIFICHA

Kuna hitilafu moja isiyozuia kompyuta kuwaka, na kwa hiyo ni mbaya zaidi. Tuseme mfumo mpya una kiini chake katika folda ya /boot, na GRUB inaisoma folda hiyo. Halafu mtu anaona patisheni ya sda1 haina kazi, anaongeza mstari katika fstab iunganishwe kwenye /boot. Kompyuta inawaka. Lakini sasa patisheni imeifunika ile folda, kama mkeka unavyofunika sakafu. Kila kiini kipya kinachokuja na masahihisho ya usalama kinaandikwa juu ya mkeka, huku GRUB ikiendelea kusoma kilichoko chini yake. Miezi inapita. Unadhani mfumo wako ni mpya, kumbe kiini ni kilekile cha siku ya kwanza.

Kujua ni rahisi. Amri ya uname -r hutaja kiini kinachotumika sasa. Linganisha na kipya kabisa katika ls /boot. Kisha findmnt /boot itakuambia kama /boot ni patisheni au la: isipojibu kitu, ni folda tu. Ikijibu, ondoa mkeka kwa muda kwa umount /boot, uangalie tena ls /boot. Panapaswa kuwa patupu. Pasipokuwa patupu, una mbili.

Kwa wanaoendelea na /boot ya peke yake, waangalie pia nafasi yake kwa df -h /boot. Patisheni za megabaiti mia moja au mia mbili, zilizokatwa miaka ya 2000, hazitoshi siku hizi, kwani mfumo wa muda peke yake unaweza kula makumi ya megabaiti kwa kila kiini. Ikijaa katikati ya kuandika kiini kipya, faili hubaki nusu na kompyuta huenda isiwake. Amri ya apt autoremove --purge huondoa viini vya zamani visivyohitajika tena.

Kompyuta yetu iliwaka jioni ya siku ya pili, ikiwa na menyu iliyoandikwa Debian 12. Ile fstab ya zamani tuliifuta kwenye flashi bila kuitumia. Patisheni ya sda1 bado ipo, megabaiti 250 zisizo na kazi, tumeamua kutoigusa. Rekodi za Arua na Bombo sasa ziko katika diski mbili za nje, moja ofisini na moja nyumbani kwa mwenzetu, na kwenye ubavu wa kompyuta tumebandika karatasi yenye matokeo ya lsblk -f ya siku ile, na tarehe yake.